Mwaga Mfuko Anafunga Dirisha

Miaka thelathini na mmoja na miezi minne amekaa nyuma ya dirisha la dawa la hospitali yetu, na tarehe thelathini mwezi huu analifunga kwa mara ya mwisho. Kwenye faili ameandikwa mfamasia. Sisi tunamwita Mwaga Mfuko, na asinune leo, jina alilitafuta mwenyewe.

Kila aliyefika dirishani, hata mzee wa mkongojo, aliambiwa amwage mfuko mezani, dawa zote zionekane, mpaka zile za kununua njiani. Vilitoka vitana, soksi, na siku moja meno ya bandia ya mtu ambaye hakuwepo. Foleni ilifika kwenye ngazi. Naye huvaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akisoma maandishi madogo kwa kunong'ona kama anasoma barua ya posa. Mimi ninayefagia korido ile nilimwambia wagonjwa wataota mvi wakimngoja. Alinijibu niondoe ndoo yangu.

Amefundisha vijana kumi na mmoja kazi hii, na wote wananong'ona.

Sasa niseme yangu mimi. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu hajaota jino, alipewa na daktari wa ngozi vidonge vya chunusi, vile vikali vya ukoo wa vitamini A. Chunusi zilikimbia, midomo ikapasuka. Mwaga Mfuko alishamwonya kwamba itakauka, apake mafuta, asiongeze kidonge chochote bila kuuliza. Mimi nikajifanya daktari. Dukani waliniambia vitamini E inalainisha ngozi, nikanunua kichupa, nikampa binti ameze asubuhi na jioni. Wiki ya tatu kichwa kikamuuma, macho yakaona ukungu. Nikalaumu simu yake.

Alipofuata vidonge vya mwezi wa pili, akamwaga mfuko kama wote. Mzee alikishika kile kichupa, akavaa miwani yake miwili, akanong'ona, halafu akakigeuza nyuma. Mbele kiliandikwa vitamini E kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi za sisimizi, vitamini A nayo imo, tena nyingi. Hiyo na vidonge vya chunusi ni ndugu wa damu, na wakikutana mwilini sumu inaongezeka, kichwa kinajaa presha na macho yanaweza kuharibika. Na hiyo E yenyewe, alinieleza baadaye, haijathibitika kwamba inaponya midomo iliyokaushwa na vidonge vile.

Mtu ambaye hakuacha foleni hata paa lilipovuja juu ya kichwa chake, siku hiyo alifunga dirisha saa nne asubuhi, akamshika binti mkono mpaka kwa daktari. Vyote viwili vilisimamishwa palepale. Macho yalirudi polepole, na wiki zile sikulala.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi alisimulia kisa bila kutaja mtu. Mmoja akauliza ni mjinga gani alinunua kichupa kile. Nilikuwa mlangoni na fagio langu.

"Mtu anayempenda huyo mtoto," alisema. "Tuendelee."

Hajanitaja mpaka leo. Basi najitaja mwenyewe: mjinga ni mimi. Tangu hapo hunisomea kila chupa ninayompelekea, hata ya sabuni ya sakafu, na hiyo nayo ananiambia nisinywe.

Shemeji yetu, mkewe, ajiandae, maana kuanzia mwezi ujao mkoba wake utamwagwa kila siku. Mzee wetu, asante. Nenda ukapumzike, ulale mchana bila aibu, na Mungu akupe uzee mtamu.

Mimi sijui kusoma wala kuandika. Nimesema tu, mjukuu wangu akaandika, usiku huu, kwa herufi ndogo kama sisimizi, bila miwani hata moja.