Hisa Moja, Vikombe Kumi na Viwili

— Nauza.

— Huuzi.

— Cherehani ni yangu, mzee. Nimeinunua mimi, naitia mafuta mimi, na leo naiuza mimi.

— Uza. Ila usiseme umepiga hesabu. Sema umeota.

Waliokuwa wakibishana ni Pindo, fundi nguo, mume wa dada yangu, na mzee Karani, aliyestaafu kutoka ofisi ya bima na bado anavaa tai siku za kazi. Benchi lao limeegemea ukuta wa chumba chetu cha kushonea, na ukuta huo una sheria yake. Birika, muuza kahawa wetu, akipandisha bei haruhusiwi kufuta ile ya zamani. Anaikata kwa mstari mmoja wa rangi, anaandika mpya chini yake pamoja na mwaka, na waliopo wote wanamnung'unikia kabla ya kunywa. Pindo ndiye aliyeitunga sheria hiyo ili Birika aone aibu. Bei tatu zilikuwa ukutani siku hiyo: ishirini na tano, hamsini, na mia moja tunayolipa sasa. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nikifumua zipu ya mkoba. Saa kumi mama mwenye duka la mapazia angekuja kuichukua cherehani kubwa, ile ya umeme inayopenya turubai kama karatasi, na kesho yake Pindo angenunua hisa za kiwanda cha sabuni. Mimi niliacha shule kidato cha pili, na cherehani hiyo ndiyo niliyokuwa nikijifunzia. Ikiondoka, sikujua ningejifunza nini tena.

Pindo alitoa ukurasa wa gazeti mfukoni, akaukunjua juu ya goti.

— Haya, kaoteni wote. Hisa moja inauzwa elfu moja na mia mbili. Mwaka jana kila hisa imeingiza faida mia moja na hamsini. Gawanya, mzee.

— Mara nane.

— Mara nane tu. Miaka minane faida inafikia hela yangu yote, na hisa bado ninayo. Umewahi kuona kitu rahisi namna hiyo?

Antena, fundi redio, alikuwa bado anapuliza kahawa yake. Huyu hanywi mpaka ipoe na hanyamazi mpaka amalize kunywa.

— Tena anajipunja, alisema. Mwaka juzi faida ilikuwa sifuri. Mwaka jana mia na hamsini. Kutoka sifuri kwenda mia na hamsini ni mara ngapi? Haina idadi. Mwaka huu ikipanda mara hizo hizo, Pindo ataamka ana kiwanda, ana bandari, ana hata mawingu.

— Mawingu ya nini?

— Mvua. Mvua ndiyo tope, tope ndiyo sabuni. Fikiri kidogo.

Karani hakumjali. Alimgeukia Pindo taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

— Mwaka jana kile kiwanda kingine cha sabuni kilikuwaje?

— Kilifungwa. Walikuwa wanabadilisha mitambo.

— Na sasa?

— Kimefunguliwa.

— Haya. Wewe ni fundi. Mteja akija ametoka karamuni, tumbo limejaa hadi hapa, unampima kiuno umkatie suruali ya kuvaa miaka kumi?

— Namwambia arudi kesho asubuhi.

— Na kiwanda umekipima kikiwa kimeshiba.

Birika alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye sahani. Pindo hakucheka.

— Sasa wewe ungekipimaje?

— Miaka kumi yote. Ya shibe na ya njaa. Unaijumlisha, unagawanya kwa kumi, unapata mwaka wa kawaida. Bei ya hisa unaigawanya kwa mwaka huo wa kawaida, siyo kwa mwaka wa karamu.

— Miaka kumi ipo hapa hapa gazetini, Pindo alisema, na sauti yake ikapata nguvu. Sikilizeni. Miaka mitatu ya mwanzo, kwa jumla, kila hisa iliingiza hamsini.

— Hamsini, alisema Antena. Miaka mitatu mizima?

— Mizima. Mwaka jana peke yake ni mara tatu yake. Sasa mzee, kiwanda kama hicho hakijakua?

Karani aliinua mkono. Alinyoosha kidole juu ya kichwa cha Pindo, kuelekea ukutani.

— Birika. Wakati ule kahawa ilikuwa ngapi?

— Ishirini na tano.

— Kwa hiyo hamsini ile ilinunua nini?

— Vikombe viwili.

— Na mia na hamsini ya mwaka jana?

Birika alifungua mdomo, akaufunga. Alilitazama birika lake kama lilikuwa limemficha jambo.

— Kimoja na nusu.

Hata Antena alishusha kikombe. Wembe wa kufumulia ulinisimama mkononi. Ukuta ule nimeupita kila siku tangu nije kuishi kwa dada, nikidhani ni wa kumwaibisha Birika. Kumbe ulikuwa umeketi pale miaka yote ukijua kwamba hamsini inaweza kuwa kubwa kuliko mia na hamsini, ukingoja mtu auulize. Nilijiuliza ni vitu vingapi vingine ninavyovipita hivyo hivyo.

— Fedha ya mwaka ule na fedha ya leo zina jina moja, Karani alisema, lakini siyo kitu kimoja. Huwezi kuzijumlisha hivi hivi. Kwanza unaileta ile ya zamani hadi leo, zote ziwe za leo, ndipo unajumlisha. Binti, niletee chaki ya kukatia.

Nilimletea ya bluu. Alimpa Pindo.

— Andika mwenyewe ukutani, usije ukasema nimekuchezea. Vikombe, siyo fedha.

Pindo aliandika huku Karani akigawanya. Miaka mitatu ya mwanzo, vikombe viwili. Miaka sita ya katikati ilikuwa ya taabu. Mmoja ulikula hasara ya kikombe kizima, mingine ikaambulia vijiko, na kwa ujumla ikabaki chini ya sifuri kwa nusu kikombe. Mwaka jana, kimoja na nusu.

— Jumla vitatu, alisema Karani. Kwa miaka kumi. Yaani sehemu tatu za kumi za kikombe kwa mwaka.

— Hiyo ni mate tu ya kulowesha ulimi, alisema Antena.

— Na hisa moja leo ni vikombe vingapi?

— Elfu na mia mbili kwa mia moja, alisema Birika. Kumi na viwili.

— Gawanya.

Pindo aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena.

— Arobaini.

— Ulisema mara nane. Ni mara arobaini. Utangoja miaka arobaini ya kawaida.

Birika alikuwa amesimama, mkono kifuani.

— Ngojeni kwanza. Kama viwanda vinapimwa kwa kikombe changu, basi mimi ndiye benki kuu. Nikipandisha bei leo jioni ikawa mia mbili, faida zote za zamani zitavimba?

— Kwa hesabu ya benchi hili, ndiyo.

— Nabadilisha miaka iliyopita nikiwa nimekaa hapa hapa?

— Ndiyo maana wenye ofisi zao hawatumii kahawa yako. Wanatumia kapu zima: unga, kodi ya nyumba, nauli, mafuta ya taa, na hiyo sabuni yenyewe. Sisi tuna kikombe tu. Kikombe kinatosha kuona njia, hakitoshi kuapia.

— Benki kuu, alirudia Birika polepole, akakaa.

Antena alidai sasa kila kitu duniani kipimwe. Alitaka kujua mwezi una vikombe vingapi, na kama mke wake alitolewa mahari kubwa kuliko ya dada yake ukiileta hadi leo. Lakini mimi sikuwa nikimsikiliza. Nilikuwa nikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwa Pindo. Kilikuwa kidogo, na vya zamani havikuwa hivyo.

Nililijua hilo kwa sababu kikombe kimoja cha zamani kipo ndani, juu ya meza ya kukatia, Pindo anawekea vifungo. Dada aliwahi kunisimulia kwamba Birika alibadilisha vikombe baada ya miaka ile mitatu, mwaka ambao hakupandisha bei, na watu wakamshukuru kwa huruma yake. Kama kikombe cha zamani kilikuwa kikubwa, basi hamsini ile ilinunua kahawa nyingi kuliko tulivyoandika. Faida za zamani zingepanda, arobaini ingeshuka, na Pindo angepata neno la kusema. Nikikaa kimya, arobaini ingebaki ukutani, na huenda cherehani ingebaki ndani.

Lakini namba ile ilikuwa imeandikwa kwa chaki yetu, juu ya ukuta wetu, na nilijua kuwa siyo kweli. Jambo lenyewe lilikuwa zuri mno kuliacha likiwa limepinda.

Niliingia ndani, nikamwaga vifungo mezani, nikatoka na kikombe.

— Shemeji. Miaka ile mitatu mlikuwa mnanywea hiki.

Pindo alikipokea. Karani alivaa miwani. Birika akawa anatafuta kitu ndani ya ndoo ya maji ambacho hakikuwamo.

— Birika, alisema Antena kwa upole wa kutisha. Mwaka ule hukupandisha bei.

— Sikupandisha.

— Ulishusha kikombe.

— Vikubwa vilikuwa vinavunjika.

Tulimimina maji. Vikombe vitatu vidogo vilikijaza kile kikubwa mara mbili sawasawa, bila tone kubaki. Karani alinitazama juu ya miwani, kisha akamwambia Pindo abadilishe pale mwanzo. Vikombe viwili vya zamani ni vitatu vya leo. Jumla ikawa vinne. Mwaka wa kawaida, sehemu nne za kumi. Kumi na viwili, gawanya.

— Thelathini, Pindo alisema, na akanipiga bega. Shemeji yangu huyu. Mzee alitaka kunizika na arobaini, ameniokoa na kumi.

— Amekuokoa, Karani alikubali. Na amefanya vizuri. Lakini thelathini nayo itazame. Kule bima, kwa hesabu hii hii, viwanda vya aina hiyo tulikuwa tunavinunua mara kumi na mbili, mara kumi na tano. Ikifika thelathini mkubwa wetu alikuwa anaomba maji ya kunywa.

— Kwa hiyo mwaka kesho bei inaanguka, alisema Antena.

— Sijui.

— Mzee, umetupeleka hadi kwenye vikombe vya marehemu, halafu hujui?

— Inaweza kupanda miaka mitatu mingine, watu wanicheke hapa kila jioni. Kipimo hiki hakisemi lini. Kinasema tu umelipa mara ngapi ya kile kinachoingia kwa kawaida. Basi. Lakini hebu fikiri, watu wamekaa wakatafuta njia ya kuiita miaka kumi iliyokufa ije isimame mbele yako kwa mstari, yote imevaa nguo za leo. Mimi nimeifanya hesabu hii miaka yangu yote ya kazi na bado huwa inanisisimua.

Alisema hivyo akiutazama ukuta, na sote tukautazama. Jua lilikuwa linaupiga kwa ubavu, na chaki ya bluu iling'aa juu ya rangi ya zamani. Nilifikiri juu ya darasa nililoliacha, ubao wake mkubwa, na kwamba hakuna siku namba ziliwahi kunitazama vile.

— Thelathini siyo arobaini, Pindo alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. Na cherehani ni chuma tu. Chuma hakipandi bei.

Mkokoteni ulisimama mbele yetu. Mama wa mapazia alikuwa nyuma yake na vijana wawili wa kubeba, amefunga kitambaa kichwani, mkoba ameushika kifuani.

— Hamjambo hapa. Ndiyo hiyo?

Alipita mbele yangu, akaingia. Aliivua cherehani kifuniko, akaishusha sindano kwa mkono, akaipandisha, akanusa mafuta. Alijua anachokifanya. Kisha akatoka akasimama kizingitini na kumtazama Pindo.

— Ni nzima. Sasa niambie kitu kimoja kabla sijafungua mkoba. Kwa mwaka wa kawaida, inakuingizia ngapi?

Pindo alimtazama Karani. Karani alimtazama Birika. Antena, ambaye ana jibu la kila kitu, alianza kunywa kahawa yake. Tulikuwa tumekipima kiwanda ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kuuona mlango wake, tumekipima miaka kumi, tumesahihisha hadi kikombe. Cherehani iliyokuwa ikinguruma nyuma ya ukuta huo huo miaka hiyo hiyo kumi, hakuna aliyewahi kuiuliza.

— Sijui, alisema Pindo. Mama, naomba ukae kidogo. Birika, mpe mgeni kahawa.

— Kikombe kipi? aliuliza Birika.

— Kikubwa.

Pindo akageuka, akanyoosha mkono bila kunitazama, nami nikaokota chaki benchini, nikamtilia kiganjani. Nyuma ya mama wa mapazia alikuwa ametokea dada yangu, unga mikononi, na sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Aliutazama ukuta kutoka juu hadi chini, bei zilizokatwa, vikombe, arobaini iliyofutwa, thelathini.

— Anzeni na ule mwaka tulioshona maturubai ya soko, alisema pale mlangoni. Hapo chini bado pana nafasi.