Ndama Aliyeruka Mlango Wangu

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wa rika langu, poleni na kazi ya kahawa. Mama mwenyekiti wa kikundi chetu cha ng'ombe ameniomba niseme machache kabla ndama hajafunguliwa pale kwenye nguzo. Nimekubali, ila nilimwonya kwamba sitaleta maneno matamu. Jina la mtu sitataja. Kila mmoja atajijua hapo alipokaa.

Mnanifahamu kuwa mimi ni mtu wa njia. Nimepika chakula cha madereva Makambako, nimeuza chai kwa wachimbaji kule Tunduru, nimevuna viazi vya watu Njombe. Nikiwa huko naota hii milima yetu na mashimo ya ngoro tunayolimia, yaliyojaa mvua. Nikiwa hapa naikumbuka stendi ya Makambako, harufu ya nyama na makelele ya makondakta. Ndivyo nilivyoumbwa, sitaomba radhi kwa hilo.

Baba alipofariki nilirudi kwenye kiwanja chake, na nilirudi nimenenepa. Mlifurahi! Mlinipokea kwa vigelegele. "Dada amenona, huko alikotoka kuzuri!" Watoto wakaniita Mama Bonge, nanyi mkacheka nao. Hakuna aliyeuliza kwa nini nikipanda kilima nasimama kila kona nikishika magoti. Zahanati waliniambia nipunguze uzito kabla presha haijanianza. Nipunguze vipi? Foleni ilikuwa ndefu, wakamwita mwingine.

Basi siku ya gulio nikamkuta bwana mmoja mwenye spika anauza unga wa kupunguza mwili. Alisema mafuta yote ya mwanadamu yanatoka kwenye maziwa na samaki. Alisema kalsiamu inaganda ndani ya mwili kama ile chokaa inayoganda chini ya sufuria ya kuchemshia maji, na ikishaganda inayafungia mafuta yasitoke. Mnacheka? Baadhi yenu mlinunua pamoja nami.

Ndugu zangu, nawaambia kwa nini nilimwamini upesi. Sisi hapa tunafuga, lakini hatunywi. Asubuhi maziwa yanaingia kwenye dumu, yanakwenda kwa walimu na kwa watu wa ofisini. Mtoto akiomba anaambiwa, "Acha, hayo ya mwalimu." Nyumbani tunakunywa chai ya rangi, sukari vijiko vinne. Kwa hiyo mtu akiniambia niache maziwa, ameniambia niache kitu ambacho nilishazoea kukiona kikipita mlangoni. Ni rahisi sana kuacha usichopewa.

Nikaacha. Samaki nao nikaacha. Na kazi yangu ni nini? Nauza usipa, wale dagaa wa ziwani! Nashuka Liuli, najaza beseni, nauza mpaka Kitura. Chakula cha mifupa nakibeba kichwani, tumboni nina unga wa yule bwana, ambao kazi yake ilikuwa kunikimbiza chooni kutwa.

Nikapungua, tena haraka. Gauni likawa linaning'inia, mashavu yakaingia ndani, nikiinama naona giza. Na hapo, wapendwa, ndipo nilipowajua.

Wateja wangu wa usipa walianza kuchagua kwa ncha za vidole. Mmoja, naye yuko hapa leo, alimwambia mwenzake karibu na sikio langu, "Huyu ameungua, ana virusi. Huko kwa wachimbaji, ulitegemea arudi na nini?" Nilipokuwa na magoti mabovu na pumzi fupi mliniita mzima kwa sababu nilikuwa mnene. Nilipopungua mkanizika.

Zamu yangu ya ndama ilikuwa imefika. Kwa mgeni aliyekaa pale nyuma nieleze: katika kikundi chetu, ukipewa mtamba, ndama wake jike wa kwanza unampa anayefuata, naye vivyo hivyo. Unatakiwa uwe na banda na majani ya kulishia. Banda nililijenga kwa mikono yangu. Mabingobingo nilipanda kwenye kingo za shamba la baba. Mimi niliyehama maisha yangu yote, nilisema huyu ndama ndiye atakayenifunga kamba nikae. Sikuwa natafuta utajiri. Nilitafuta sababu ya kubaki.

Nikaja kikaoni na kamba mpya.

"Dada," nikaambiwa, "wewe pumzika kwanza. Ng'ombe anataka nguvu."

"Nguvu gani? Banda umeliona?"

"Tumeliona. Banda ni zuri."

"Sasa?"

Sauti ikatoka nyuma, "Mwenye ng'ombe akiondoka duniani, tutamdai nani ndama wetu?"

Mkacheka. Siyo wote, lakini wasiocheka hawakusema neno. Ndama akapita mlango wangu, akaenda nyumba iliyofuata. Nilirudi na kamba yangu.

Nikafanya nilichozoea kufanya, nikaondoka. Nikashuka ziwani, nikaapa sirudi. Pale Liuli, napanda kutoka ufukweni na beseni, kizunguzungu kikanishika, nikaangukia mawe. Mkono huu ukavunjika.

Hospitali nilimkuta muuguzi mmoja mama, mgeni aliyehamishiwa huku kutoka mkoa wa wafugaji. Aliniuliza nilikula nini jana. Nikamwambia. Na juzi? Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Mama, nani amekuadhibu hivi?"

Nikamweleza habari za chokaa na sufuria. Hakunicheka. Alisema mkono umevunjwa na jiwe, siyo na kukosa maziwa, lakini mwili nilioulaza njaa hauna cha kujengea mfupa, na umri wangu huu mifupa haisubiri. Nikamuuliza, basi nikinywa maziwa mengi nitapungua? Akasema, "Wewe unapenda miujiza. Maziwa hayajakunenepesha na hayatakukondesha. Kunywa kikombe, mtindi usiotiwa sukari ni mzuri. Kula usipa mzima na mifupa yake. Punguza mlima wa ugali, punguza hiyo sukari na maandazi. Utapungua polepole, na utakuwa na miguu ya kutembelea."

Kisha nikaomba kupimwa kile mlichokisema. Nikapimwa. Najua mnasubiri niseme majibu. Sisemi. Nilipotoka chumba kile niliikunja ile karatasi ya majibu nikajiuliza: hata ingekuwa ndivyo, ng'ombe angekataa kukamuliwa na mimi? Majani yangu yangekauka? Wako watu humu wanaomeza dawa kila siku wanalima kuwashinda ninyi, na wanawaogopa ninyi kuliko ugonjwa. Siku ile nikaacha kujificha. Nikaamua nitarudi, na nitarudi bila karatasi.

Mama yangu mdogo kule ziwani alinitunza mpaka mkono ukaunga. Alinipa usipa na vichwa vyake, matembele, na mtindi wa jirani. Nilitembea ufukweni kila asubuhi. Uzito wa zamani haukurudi. Magoti yananyamaza sasa, na kilima cha kuja hapa leo nimekipanda bila kusimama. Mmeniona.

Namshukuru mama mdogo. Namshukuru muuguzi yule, popote alipohamishiwa. Namshukuru mzee mmoja wa kikundi hiki, aliyekata majani yangu muda wote ambao sikuwepo ili banda lisionekane limeachwa. Hakuniambia hata siku moja kwamba ni yeye. Mama mwenyekiti nakushukuru pia, ulikuja nyumbani mwenyewe ukasema, "Tulikukosea." Ulisema kwa shida, lakini ulisema, ukanirudishia zamu yangu.

Funzo langu ni hili. Msimpime mtu kwa macho, mwembamba au mnene. Mtu akiwaambia chakula fulani ni sumu au ni muujiza, muulizeni anauza nini. Na maziwa ya asubuhi tuyauze, sawa. Ya jioni yanywewe nyumbani. Walimu wana mifupa, na watoto wetu wanayo.

Nasikia mnasema, "Dada, basi yaishe." Ndama nampokea, ni haki yangu. Kuwasamehe nimeshaanza, ila sijamaliza, nami siwezi kusimama mbele ya Mungu niseme nimemaliza. Ndama wake jike wa kwanza ataenda kwa anayefuata. Hata mtu huyo akiwa amekonda mpaka mbavu zihesabike, nitampelekea mwenyewe mpaka mlangoni.

Sasa nipisheni nikamfungue.