Mwalimu Aliyejibu "Bado Haijulikani"

Mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Shule; mtafiti wetu mpendwa wa nyota; walimu wenzetu:

KARIBU
Sisi walimu thelathini na mmoja wa fizikia wa sekondari tunakupokea kwa moyo mkunjufu katika chumba hiki cha kompyuta. Hapa tumesomea elimu ya nyota kwa wiki mbili: moja likizo iliyopita, na nyingine hii ya mapumziko ya katikati ya muhula inayokwisha leo. Feni uionayo imefungwa kwa kamba inafanya kazi, na hatuombi nyingine.

TULIKOTOKA
Tuseme ukweli, tulikuja vichwa vikubwa. Siku ya kwanza mtafiti anayetufundisha alitupa vipimo vya mwanga wa nyota inayofifia kidogo kila sayari yake inapopita mbele yake, akatutaka tutafute ukubwa wa sayari hiyo. Tukauliza, "Majibu yako ukurasa gani?" Alicheka mpaka akavua miwani. "Walimu wangu, ukurasa haupo. Hiyo haijapimwa na mtu."

TULIYOYAPATA
Sasa tunapima wenyewe. Dada yetu mmoja, tunayemwita Kalamu Nyekundu, alivuka mipaka: alisahihisha makala ya mtafiti, akaandika pembeni, "Onyesha njia." Mtafiti alipoonyesha njia, akakuta ametumia kipenyo mahali pa nusukipenyo. Aliona haya kidogo, kisha akamshukuru mbele yetu sote. Tulifurahi kupita kiasi, hatukufichi.

LINALOTUSUMBUA
Ni moja tu. Muhula huu Kalamu Nyekundu alikuwa akifundisha kidato cha tatu habari za maada ya giza, ile isiyoonekana lakini mvutano wake unazishikilia galaksi zisitawanyike. Mwanafunzi akauliza imeundwa na nini.

"Mwanangu, hilo bado halijulikani," akamjibu. "Watu wanalitafuta hadi leo. Huenda ukalipata wewe."

Darasa lilichangamka, kengele ikalia, asiinuke mtu. Mkaguzi wako aliyekaa nyuma akaandika: "Mwalimu hakujiandaa." Barua ikafuata kutoka ofisini kwako, kwamba Jumatatu ijayo akabidhi darasa hilo kwa mwingine. Hatumlaumu mkaguzi. Mwaka jana hata sisi tungeandika vivyo hivyo.

OMBI LETU
Tulikuwa na maombi sita. Jana mchana tuliyafuta matano. Mwenyewe alitusihi, "Jamani, msinitaje, mtaniaibisha," nasi kwa mara ya kwanza tumemkatalia, maana linatuuma. Akiondolewa yeye, nani kati yetu atathubutu tena kumwambia mtoto ukweli huo?

Tunakuomba Jumatatu, saa mbili asubuhi, kabla hajakabidhi chochote, uingie wewe mwenyewe umsikilize. Ukiona hafai, tutanyamaza. Wanafunzi wake wameshakuwekea kiti nyuma ya darasa.

Mungu akupe safari njema na wepesi katika kazi yako.

Ni sisi, Umoja wa Walimu wa Fizikia wa Sekondari, na jina la Kalamu Nyekundu limo kati ya yetu.