Nyamizi, Aliyesubiri Jibu la Pili

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye dukani, Runzewe au Buseresere, aongeze sauti kidogo ili na mteja asikie. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja. Jina lake Nyamizi. Wengi walimwita Mama Juliana. Ni mzaliwa wa Tinde, Shinyanga, lakini kazi yake ilikuwa huku kwetu, kwenye dhahabu. Alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Amefariki mwezi uliopita, nyumbani kwao Tinde, kwa ugonjwa wa kifua.

Kama umepita njia ya Runzewe, hizo karasha unazijua. Unazisikia kabla hujaziona. Mabati yanatetemeka. Vumbi jeupe linakaa juu ya kila kitu, hadi kwenye kope za watu. Ukitaka kusema na mwenzako unamvuta shati. Mashine ikishawashwa, maongezi yamekwisha hadi mchana. Ndiyo maana Nyamizi alitaka watu waongee kabla.

Alikuja huku akiwa msichana wa kugonga mawe kwa nyundo. Juliana, mwanawe wa pekee, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alimwacha Tinde kwa bibi yake, akasema, "Nakwenda msimu mmoja tu, narudi." Ule msimu ukapita, ukaja mwingine. Akawa anarudi Krismasi, na siku za msiba. Juliana akaota meno, akaenda shule, akaanza kujifunga kanga mwenyewe, mama yuko machimboni. Hilo ndilo lililomuuma Nyamizi, na hakulisema kwa mtu. Nawaomba mlishike, wasikilizaji, kwa sababu habari yetu yote inakwenda huko.

Tajiri mwenye karasha alipompa usimamizi, wanaume walinuna. Mmoja alisema mbele yake, "Mwanamke asimamie karasha? Dhahabu itakimbia!"

Nyamizi akamjibu, "Ikikimbia, wewe mwenye miguu mirefu utaifuata."

Watu wakacheka, kazi ikaanza.

Sasa nawaeleza salamu yake. Sisi tuliokulia kwa Wasukuma tunajua. Ukimuuliza mtu "Mhola?", jibu la kwanza ni moja tu. "Mhola duhu." Salama tu. Hata kama nyumba imeungua, ataanza na salama. Si uongo, ni heshima. Huwezi kummwagia mtu shida zako mlangoni. Shida inakuja baadaye, ikiwa aliyeuliza bado yupo.

Nyamizi alikuwa anabaki. Kila asubuhi, kabla karasha haijawashwa, watu wa zamu walisimama uwanjani. Anapita kwa mmoja mmoja na salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka. Mhola?" Mtu anajibu, "Mhola duhu." Basi Nyamizi haendi. Anasimama pale, anakuangalia kidogo, anaangalia pembeni, anarekebisha kilemba chake. Huna shida, utacheka, atapita. Una shida, itatoka yenyewe.

Nilimkuta Kudra, dada wa Kigoma anayechekecha unga wa mawe pale pale hadi leo. Alinisimulia hivi:

"Mimi nilifika sijui Kisukuma hata neno. Siku ya kwanza ananiambia mwangaluka, nimemkodolea macho. Kesho yake akanijia na 'mwakeye'. Hiyo ni salamu ya kwetu! Sijui aliitoa wapi. Nilikuwa na mtoto mchanga wakati huo, nimemwacha kwa jirani. Nikajibu, salama. Akasimama. Nikaona aibu, nikasema, mama, maziwa yamejaa, kifua kinaniuma. Akasema, 'Kamlete. Chumba cha magunia kiko mbali na mashine.' Wanaume wakaguna. Akawaambia, 'Nani kati yenu hakunyonya ainue mkono.' Hakuna aliyeinua."

Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye mtoto mgonjwa alipewa ruhusa. Aliyeumia mguu alipewa kazi ya kukaa. Aliyefiwa hakugusa mashine siku hiyo. Na mawe yalisagwa kama kawaida, kwa sababu wenzake walimshikia nafasi wakijua na wao watashikiwa.

Halafu akaja meneja mpya, kijana anaitwa Marselino, kutoka Moshi. Si mtu mbaya. Nimeongea naye, na yeye mwenyewe amekubali nisimulie. Aliona watu wamesimama uwanjani na karasha imelala, akashangaa.

"Mama, hawa wanafanya nini?"

"Wanasalimiana, baba."

"Kila siku?"

"Kwani shida zinakuja kwa wiki?"

Marselino hakucheka. Alileta kengele, kipande cha chuma cha gari, akakitundika kwenye nguzo. Kikigongwa, kila mtu yuko kwenye mashine. Yeye mwenyewe alisimama getini, watu wakiingia anauliza, "Salama? Salama? Salama?" Wakajibu salama. Aliniambia, "Dada yangu, niliamini nimewauliza."

Salamu ya uwanjani ikafa. Nyamizi hakugomba. Alikaa pembeni, anaangalia watu wake wanavyoingia.

Siku moja Donatus, mlisha karasha, kijana hodari kabisa, akatupa nyundo ndani ya mashine pamoja na mawe. Nyundo nzima, na mpini wake. Wanaokumbuka wanasema ule mlio ulifika barabarani. Karasha ikapasuka kitu ndani, ikanyamaza. Watu wote wakaanza kusikia kuku.

Marselino akaja anakimbia. Aliona nyundo, akamwona Donatus amesimama mikono imelegea. Akamwambia achukue vitu vyake aende.

Nyamizi akaingia katikati. "Umemuuliza ana nini?"

"Nimemuuliza asubuhi. Amesema salama."

"Ukasubiri?"

"Nisubiri nini, mama? Mtu amesema salama!"

Nyamizi akamgeukia Donatus. Hapo hapo, mbele ya watu, mashine imekufa, tajiri anapigiwa simu. Akamsalimia kama vile ndiyo kwanza kumekucha.

"Mwangaluka, Donatus."

"Mwangaluka, mayu," akajibu, yaani mama.

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Akabaki. Kudra anasema Marselino alifungua mdomo, na Nyamizi akamnyooshea kidole bila kumtazama. Marselino akafunga mdomo. Wakakaa hivyo. Donatus akaangalia chini, akaangalia mashine. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Isipokuwa mtoto."

Mtoto wake alikuwa amelazwa. Homa imepanda kichwani, hamjui mama yake wala baba yake. Donatus alikuwa anashinda karasha na kulala wodini, chini ya kitanda. Mkono ulikuwa kwenye mawe, akili wodini.

Marselino akamuuliza, "Sasa mbona hukusema?"

Donatus akamwambia, "Kengele ililia, bosi."

Hakusema kwa ubishi, wasikilizaji wapendwa. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tajiri alikuwa kwenye simu, anamuuliza Marselino nani kaharibu mashine. Nyamizi akamwambia, "Ukimwondoa huyu, mimi naye tunapanda pikipiki moja. Nitashukia kwangu, yeye ataendelea hospitali." Marselino aliwaangalia wote wawili. Halafu akaiambia simu kwamba kosa ni la kwake, ataeleza akifika. Donatus akaenda kwa mtoto wake. Yule mtoto alipona, sasa anasoma. Na Donatus bado analisha karasha. Nyundo anaiacha mbali, wenzake wanamtania hadi leo, "Donatus, leo umekula nyundo ngapi?"

Kuanzia siku ile salamu ilirudi. Kengele inagongwa salamu ikiisha. Na Marselino akawa anasimama uwanjani na wenzake. Kisukuma chake, jamani! Anasema "mwangaluka" saa za jioni, watu wanajibu tu. Lakini alijifunza kile kitu kikubwa. Alijifunza kubaki.

Sasa nisikilizeni hapa. Huyu Nyamizi aliyeuliza wote, nani alimuuliza? Kila mtu alimsalimia. "Mhola, mayu?" Naye anajibu, "Mhola duhu," halafu haraka sana anamgeukia anayefuata. Alijua njia ile, basi alijua na namna ya kuikwepa. Kikohozi chake watu walikizoea. Kwenye vumbi lile nani hakohoi? Alikuwa anaziba mdomo kwa kanga, anageuka pembeni, anarudi anacheka.

Ni Marselino aliyebaki. Yule yule wa kengele. Asubuhi moja alimsalimia, "Mwangaluka, mama. Mhola?" Nyamizi akajibu, akapiga hatua. Marselino akapiga hatua na yeye, akasimama mbele yake. Akaangalia pembeni. Akarekebisha kofia yake.

Nyamizi akamwambia, "Baba, umekaa sana. Watu wanasubiri."

"Wasubiri."

"Nimeshakujibu."

"Nimesikia. Ndiyo la kwanza hilo."

Kudra anasema walimwona Nyamizi anacheka, halafu kicheko kikageuka kikohozi, na kanga ilipotoka mdomoni ilikuwa na damu. Akakaa chini kwenye mawe. Ndipo akasema. Kifua kinamuuma siku nyingi. Halali. Halafu akasema lile jingine. "Nina binti Tinde. Amenipita urefu. Sijui hata anapenda kula nini."

Walimpeleka hospitali. Mapafu yalikuwa yamejaa vumbi la miaka yote ile, na daktari akasema hayatarudi kama zamani. Marselino alikwenda kwa tajiri, akatoka na ruhusa. Nyamizi arudi nyumbani, na mshahara wake uendelee. Na tangu hapo, pale kwenye karasha, mawe yanamwagiwa maji kabla ya kusagwa, vumbi lisiruke. Watu wa zamu ndio waliolidai hilo, mmoja baada ya mwingine, wakati wa salamu.

Wiki iliyopita nilifika Tinde. Nyumba iko nyuma kidogo ya barabara kuu, malori unayasikia. Nilimkuta Juliana anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, kwenye turubai. Binti mrefu, mpole, anaongea polepole. Nikampa pole. Nikamuuliza mama alivyorudi ilikuwaje. Nilidhani ataniambia walikumbatiana wakalia. Aliniambia hivi:

"Mwanzoni tuligombana. Alinikosoa hata namna ya kufagia. Nikawa nasema moyoni, huyu atarudi lini machimboni? Akanikorogea uji, akatia sukari. Mimi uji wa sukari siunywi tangu nikiwa mdogo, hapa kwa bibi kila mtu anajua. Nikauacha. Bibi akamwambia, huyu hanywi sukari. Mama akatoka nje akakaa peke yake. Jioni akaja akaniuliza, habari za leo? Nikasema salama. Nikataka kupita. Akabaki mlangoni. Amebaki tu, hanigombezi, hasemi kitu. Mimi nikaanza kusema. Nilisema hadi bibi akaenda kulala. Nilimwambia vyote. Siku nilipoanza hedhi nikaogopa. Siku ya mashindano ya mbio, kila mtu ana mama yake. Hakujitetea hata mara moja."

Baada ya hapo, anasema, walikuwa hawaachani. Walipanda viazi pamoja, Nyamizi amekaa kwenye kigoda anaelekeza, Juliana anachimba matuta. Walikuwa wanacheka hadi majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Uji hauna sukari. Mvua zilinyesha, viazi vikakomaa, wakavimenya wote wawili. Hiyo michembe niliyoikuta kwenye turubai ni ya viazi vile.

Nyamizi alifariki asubuhi, Juliana yuko pembeni yake. Wa karasha walikuja Tinde kwa lori, zamu zote. Tajiri alizima mashine. Donatus alikuwa mmoja wa waliochimba kaburi.

Kwa niaba ya wasikilizaji wetu wote, natoa pole kwa Juliana. Pole kwa bibi, aliyemlea mjukuu na sasa amemzika mtoto wake. Pole kwa Marselino, kwa Kudra, kwa Donatus, na kwa zamu yote ya asubuhi. Mungu ampumzishe Nyamizi, Mama Juliana wa Tinde, mahali pasipo vumbi.

Na sisi tuliobaki tujiulize. Wewe unayesimamia watu, kwenye mgodi, ofisini, hotelini, shambani kwako, ukiuliza habari unabaki au unapita? Na wewe unayeulizwa, mtu akibaki amesimama mbele yako, unamwambia? Nyamizi alifundisha watu wengi kusema, lakini la kwake alichelewa kulisema. Juliana alimpata mama yake kwa msimu mmoja wa mvua. Angeweza kumpata kwa misimu mingi.

Msikilizaji, nyumbani kwako wanakusubiri tangu lini?