Koili Niliyoifupisha

Jamani, salamu kwenu nyote mafundi wa Bunda, wa kanisani na wa msikitini, na ninyi mliokaa nyuma mkidhani sitawaona. Mwenyekiti ameniambia nisimame niwaeleze yaliyonipata, na amenionya nisitaje jina la mtu. Sitataja. Nitaanza na mkono. Huu hapa, wa kulia. Vidole vimebaki vitatu, na hiki cha pembeni hakikunjiki. Uangalieni mpaka mridhike, ili nikianza kuongea mnisikilize mimi, msiwe mnakodolea mkono.

Mimi ni fundi wa pasi na majiko ya umeme, pale Nyasho, Musoma. Wengi humu ni mafundi wa simu na wa sola, na najua mnatuonaga sisi wa majiko kama wapishi. Sawa tu. Lakini koili naijua. Ile waya iliyojisokota ndani ya jiko ikikatika, mteja anakuletea. Unafanyaje? Unatoa kipande kilichoungua, unavuta waya, unaunga, unarudishia. Koili imekuwa fupi kidogo, na jiko linakuwa kali kuliko lilivyotoka dukani. Mteja anafurahi. Anakwambia, "Mama, hili sasa linaivisha maharage upesi!" Anakusifia kwa majirani. Mimi nimekula kwa njia hiyo miaka mingi. Ukifupisha kupita kiasi, breka ya ukutani inakata umeme, unajua umekosea, unaanza upya. Hakuna aliyeumia.

Basi siku moja akaja mtu mwenye saluni ya kunyoa mjini, mtu mzima na heshima zake, kashika sigara ya umeme. Yake ilikuwa ile ya bomba la chuma. Betri inakaa ndani, kitufe kiko chini, na juu pana koili ndogo iliyopitishwa pamba. Wanadondoshea dawa ya harufu nzuri kwenye pamba, wanabonyeza, wanavuta moshi. Koili zake zilikuwaga zinatoka Mwanza, na zilikuwa zimemwishia.

"Dada, si unasukaga koili wewe? Nisukie na hii."

Nikaiangalia nikacheka. Nikamwambia, hili ni jiko la kupikia sisimizi, kaa hapo usiende mbali.

Ndugu zangu, nawaambia, kwenye kitu kile mimi nilikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza, lakini nilikaa kwenye kigoda changu kama mkufunzi. Sikuuliza waya yake ni ya namna gani. Sikuuliza betri inabeba kiasi gani. Niliiona betri imechanika ile ngozi yake ya plastiki na imebandikwa selotepu, nikaona ni uchakavu tu kama wa kitu kingine chochote. Nikachukua kipande cha waya ya jiko, nikazungusha kwenye msumari mwembamba, nikafunga.

Akajaribu. Akasema moshi ni mdogo.

Sasa ninyi semeni, fundi wa majiko akiambiwa moto ni mdogo anafanya nini? Mkono ulikwenda wenyewe. Nikachukua koleo, nikapunguza mizunguko, nikafunga tena. Yeye akatoka kwenda kununua soda duka la pili. Nikabonyeza. Koili ikawaka nyekundu, ikaenda mpaka ikawa nyeupe, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Bomba likaanza kunichoma kiganja. Kwangu mimi kitu cha moto ni kitu kinachofanya kazi. Nikaendelea kubonyeza ili akirudi aone kwamba kazi imekubali.

Mlio sikuusikia. Mtaa mzima wanasema waliusikia, mimi sikuusikia. Nilishangaa tu kwamba nimekaa chini, na kwamba kuna mtu analia karibu yangu, na baadaye nikajua ni mimi. Bomba lilipasuka mkononi. Moto wa betri ile si wa kumwagia mchanga ukatulia. Ulinishika mkono, shingo na upande huu wa uso ninaoufunikaga na kitenge.

Ya hospitali sitayaeleza yote, maana wengine mmetoka kula. Vidole viwili havikuokolewa. Walitoa ngozi ya paja wakaibandika kwenye kiganja, na kila wakibadilisha bandeji nilikuwa namtukana muuguzi. Yule binti alikuwa ananijibu, "Nitukane mama, ila mkono usiutoe." Naye namshukuru, popote alipo.

Nilipotoka, dada yangu mkubwa alinichukua nyumbani kwake Butiama. Hapo ndipo palikuwa pabaya kweli. Mnadhani maumivu ndiyo mabaya? Maumivu yana dawa. Nilikuwa mwanamke wa kujitegemea, sasa naogeshwa, nafungwa sidiria na mtu, nalishwa ugali kama mtoto. Na huku kila mgeni anakuja na sababu yake. Mmoja anasema nina nuksi. Mwingine anasema Mungu kanichapa kwa kutengeneza vitu vya moshi. Mwingine kanong'ona kwamba nilikuwa navuta mwenyewe, tena mbele ya dada yangu. Mikono ile ile, koili ile ile, kazi niliyoifanya nusu ya maisha yangu, halafu siku moja inanila. Kama hata hujui kwa nini, utarudije kazini? Nilifika mahali nikawa naogopa swichi ya taa. Dada akichaji simu, mimi natoka nje. Nililala nikiomba nisiamke, na asubuhi nikiamka nilikuwa namkasirikia dada kwa kuniletea uji.

Akaja fundi mmoja wa sola wa hapa Bunda. Yupo humu ndani, anaangalia chini, msimtafute. Tulikuwa tunafahamiana kwa kununuliana vifaa tu. Nikajua amekuja kunipa pole na sukari kama wengine. Hakuwa na sukari. Alikuwa na mita yake ya kupimia umeme.

"Dada, ile koili ulipima?"

Nikamwambia atoke. Nikamwambia kama umekuja kunicheka, barabara ya Bunda unaijua. Dada yangu akaweka mikono kichwani. Yule bwana hakutoka. Alikata kipande cha waya ya jiko, akanipa mkono wa kushoto.

"Sokota kama ulivyosokota siku ile. Halafu fupisha."

Nilisokota kwa hasira, huku nashikilia na meno. Akaniwekea mita. Kwanza akagusanisha zile ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe, nikasoma namba. Kisha akaziweka kwenye koili yangu. Namba ikawa karibu ile ile.

"Umeona? Kwa betri, hapa hakuna koili. Ni shoti. Umeme wa nyumbani una breka ya kukukatia. Bomba lile halina mtu wa kukukatia. Lenyewe linatoa tu mpaka betri ishindwe. Na ile ngozi ya betri, naambiwa ilikuwa imechanika, nayo ikazidi kuharibu mambo."

Nililia, jamani. Nililia mpaka dada akadhani nimetukanwa. Lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyepewa jibu. Haikuwa nuksi. Haikuwa fimbo ya Mungu. Nilifupisha waya mahali pa kutofupisha, basi. Na kitu kama hicho, mtu anaweza kujifunza asikirudie.

Nikamwambia, nifundishe. Akasema, utaanza chini kabisa. Nilianza chini. Mwanamke mzima, nafundishwa kushika koleo kwa mkono wa kushoto, nadondosha, naokota, nadondosha. Alinikataza betri kwa muda mrefu, ilikuwa waya na mita tu. Nasokota, napima, natoa ile namba ya ncha za mita, nasema jibu kwa sauti. Nikikosea ananiambia rudia, hana hata huruma. Nikajifunza kwamba waya ya kazi ile ni nyembamba na inanunuliwa yake, ya jiko iache jikoni. Nikajifunza kuangalia mguu wa koili usiguse chuma cha bomba. Kwamba unabonyeza kidogo na kuachia, kidogo na kuachia, ukiangalia uwekundu uanzie katikati, na bomba likipata joto unaacha na kutoa betri. Kwamba betri iliyochanika haibandikwi selotepu, na haiwekwi mfukoni na funguo. Mimi mwenyewe sishuki chini ya omu moja, ile namba ya mita inayoonyesha waya inazuia umeme kiasi gani. Wajuzi humu mnaoshuka zaidi mnanicheka, naona. Chekeni, mna vidole.

Siku aliyoniruhusu kuweka betri, nilipima koili mara tatu kwanza. Dada yangu alisimama mlangoni na ndoo ya mchanga, ambayo haisaidii kitu, na nilimwacha asimame. Nikabonyeza. Ikawaka katikati, taratibu. Bomba likabaki baridi. Hakuna aliyepiga makofi. Dada alikwenda kupika.

Nimerudi Nyasho. Nasuka majiko polepole, wateja wengine wameniacha, wengine wanaona aibu kuniangalia usoni. Nawashukuru waliobaki. Wewe unayeangalia chini, asante, na samahani kwa yale maneno ya barabara ya Bunda. Dada yangu hayupo, yuko shambani, lakini nataka isikike humu kwamba aliniosha wakati nilikuwa namchukia, na hajawahi kunikumbusha.

Sasa niwaambie kilichonileta hasa. Juzi alikuja kijana wa Kibara na bomba kama lile. Anataka moshi mwingi. Betri imechanika. Nikapima koili aliyokuwa nayo, namba ikawa chini ya omu moja, ikanikataa. Nikamwambia sifanyi, nikamwonyesha mkono. Akaniambia, "Mama, ubaya wako ni uoga. Bunda kuna mafundi." Akapanda gari la Bunda nikimwona.

Kwa hiyo yupo huku kwenu. Atakuja kwa mmoja wenu, labda kesho asubuhi, ataweka bomba mezani na kukusifia kwamba wewe ndiye fundi. Usikubali sifa. Weka mita kwanza. Namba ikikataa, na wewe kataa, mpe bomba lake aende, na akikutukana mwache atukane. Nitakuwa hapa nje kwa muda. Kama ameshafika kwako, nifuate sasa hivi tumrudie kabla hajabonyeza.