Aliyepiga Besi

Benchi la kijiji cha Nanyala liko mbele ya banda la Enesi muuza kahawa, kando kabisa ya barabara kuu, hata malori ya Tunduma yakipita vikombe hutetemeka. Asubuhi hiyo Osea alifika amekasirika. Redio ilikuwa imetangaza kifo cha Mwingereza mmoja, mpiga gitaa la besi wa bendi ya roki, halafu habari nzima ikawa ya mwimbaji. Osea mwenyewe hapigi chombo chochote. Mkewe ndiye aliyepiga besi kwenye kwaya ya hapo miaka kumi na minne, mpaka walipomzika mwezi Machi.

—Miaka arobaini jukwaani! alisema Osea. Jina wamelitaja mara moja, nalo wamelikosea. Nimemtafuta kwenye simu. Kabla ya bendi alikuwa fundi bomba, kisha kapiga albamu kumi na mbili. Anaitwa Desmond Harkley. Lishikeni.

—Uonevu huo, Baba Angel, alisema Zabron, wanayemwita Gavana. Mwimbaji alimficha makusudi. Taa zote kwake, Harkley gizani kama kaiba kuku!

—Giza si kitu, alidakia Rabson fundi pikipiki, yaani Injini. Wale wanakukatia waya. Unapiga we, spikani kimya.

—Sasa Injini, besi ikikatwa watu watacheza nini? aliuliza Enesi.

—Mazoea!

—Acha utani, alisema Gavana. Hii ni amri ya wakubwa. Besi inagonga kifua, mtu kifua kikigongwa anaanza kudai haki.

—Sema, Gavana!

—Mtu kawabeba miaka arobaini, hata jina lake hawalijui? Binadamu gani hao!

Enesi, ili kumtuliza Osea, aliweka wimbo wa kwaya yao. Spika yake hukaa chini ya benchi. Besi ikapanda kwenye mbao. Osea aliisikia mgongoni.

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja kahawa alisogea.

—Besi hiyo kapiga nani?

—Marehemu Mama Angel! walijibu wote, kwa fahari.

—Angel si mtoto? Mama mwenyewe aliitwa nani?

Gavana akamtazama Injini. Injini akamtazama Enesi. Mwezi Machi wote watatu walisimama kaburini jina lake likisomwa.

Osea hakuwasaidia. Alisubiri mpaka wimbo ukaisha.

—Tupokigwe, alimwambia dereva. Kwao Itumba.

Akarudisha kikombe kikiwa nusu, akaondoka.