Filimbi ya Bawa la Kushoto

Benchi lenyewe lilikuwa bapa la chuma lililotolewa kwenye greda kuukuu, limewekwa juu ya mawe mawili na kufunikwa gunia lisichome watu makalio, nalo liliegemea ukuta wa kibanda cha kahawa cha Nadifa, pale kona ambapo njia ya soko la Kyuso inakutana na kiwanja cha ndege. Kila asubuhi wanaume watatu walilikalia. Mzee Ndululu aliitwa Injinia, kwa kuwa miaka ya nyuma ndiye aliyeendesha greda hiyo akasawazisha kiwanja. Kiema, fundi wa baiskeli, aliitwa Redio, na ukimsikiliza dakika tano huulizi kwa nini. Abdille, mume wa Nadifa, mchuuzi wa mbuzi na ngamia, aliitwa Kilo, maana alikuwa akimtupia mbuzi jicho moja tu na kukuambia uzito wake. Hao ndio waliofukuza mifugo kiwanjani kila ndege ilipozunguka juu. Siku hiyo, wiki moja kabla ya Krismasi ya mwaka wa themanini na sita, kulikuwa na mtu wa nne. Nthenya alikaa mwisho kabisa wa chuma, mtoto wake Kiilu kifuani, miezi saba, midomo ya rangi ya zambarau, moyo una tundu, daktari amesema Nairobi, amesema kwa ndege, amesema upesi, na ndege ilikuwa njiani.

— Mama Kiilu, kunywa kahawa, Nadifa alimwambia. Tangu jana hujaweka kitu tumboni.

— Itarudi, dada.

— Usiogope, alisema Kiema. Hii ya leo ni ndege ingine kabisa. Nimesikia kwa redio, siku hizi wanaweka kompyuta ndani. Rubani analala, kompyuta inaendesha.

— Na kompyuta ikilala? aliuliza Abdille.

— Inaamshwa na rubani.

— Ambaye amelala.

Mzee Ndululu alicheka mpaka kikombe kikamwagika kidogo, kisha akamtazama Nthenya, akaacha kucheka. Kila mtu alikuwa hivyo tangu mwezi wa kumi. Wanacheka, wanakumbuka, wanaacha.

Maana mwezi wa kumi, kwenye kiwanja hichohicho, ndege ndogo ya madaktari ilikuwa imempakia Syombua, dada yake Nthenya, mimba ya miezi minane na damu haikatiki. Ikakimbia, ikapanda, ikafika juu ya miiba ya mwisho wa kiwanja, ikainua pua kama inayotaka kutazama jua, ikaanguka. Haikuwaka moto. Rubani akafa, Syombua akafa na alichobeba. Watu wa Nairobi walikuja kesho yake, wakapima, wakapiga picha, wakabeba vyuma kwenye lori, na mwisho wakasema hawajajua sababu.

— Shida si rubani, alisema Mzee Ndululu taratibu. Shida ni hewa. Hewa ya saa sita iko na matuta kama barabara ya Mwingi. Mimi nimeendesha greda miaka kumi na tisa, matuta nayajua. Ingekuwa mimi, ningetanguliza ndege ya kusawazisha, iko na bapa chini, halafu ya abiria ifuate.

— Na huo udongo wa hewa utaumwaga wapi, Injinia? aliuliza Kiema.

— Kando. Kama barabara.

— Asi! Sasa mvua itapita wapi?

— Ataweka kalvati, alisema Abdille.

— Cheka tu, Kilo. Wewe umetengeneza nini maishani?

— Injini mbili, Kiema aliingilia. Hiyo ndiyo dawa. Moja ikizima, ingine inabeba. Na mimi ningeongeza ya tatu, na pedali kama za baiskeli kwa kila kiti. Zote zikizima, abiria wanakanyaga.

— Mgonjwa akanyage?

— Wasindikizaji wakanyage! Kazi yao ni gani humo ndani, kulia?

Nthenya aliwasikia kama mtu anayesikia watu wa nyumba ya pili. Hesabu yake ilikuwa moja tu na aliirudia: asipompandisha Kiilu, daktari amesema mwezi mmoja, labda miwili, akimpandisha, ni dakika hamsini, na katika hizo hamsini ni ile moja ya kwanza, ile ya kuvuka miiba, ambayo hakuweza kuipita hata kwa mawazo. Alikuwa amesoma hadi kidato cha nne, alijua ndege nyingi hufika. Hilo halikumsaidia chochote. Alimgusa Kiilu nyayo, zilikuwa baridi, akazifunika.

— Nyinyi mnaongea chuma, alisema Abdille. Ongeeni mnyama. Ndege isiyoanguka itengenezwe kama ngamia. Ikifika chini, ipige magoti. Mafuta yakae kwa nundu.

— Na ikikataa kwenda, itutemee mate.

— Kiema, nyamaza, nakufundisha. Mzigo! Mzigo wa ngamia unafungwa katikati, huku sawa na huku sawa. Ukirundika wote nyuma, wallahi, ngamia anainua shingo, anakaa kwa makalio, hata umpige namna ga...

Akakatiza. Hakuna aliyemwambia akatize. Mzee Ndululu aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka, na Kiema Redio, ambaye hata mazishini hakuwahi kukosa neno, akatazama ndani ya kikombe chake.

Nthenya alifumba macho, na ikamjia yote pamoja kama ilivyokuwa ikimjia kila siku. Rubani kijana na ile mizani yake ya kukanyaga, amempima Syombua, amepima na mfuko wake mdogo, ameandika kwa kikaratasi, amesema haya, inatosha, kitu kingine kisiingie. Kisha akaenda kwa miguu kukagua kiwanja kama kuna mashimo. Na yeye alipogeuza mgongo tu, Kyuso ikafanya inavyofanya kila mtu anaposafiri. Nani angemwacha Syombua aende Nairobi mikono mitupu, akalale kwa shangazi labda miezi miwili, ale vya watu? Mzee Ndululu ndiye aliyejua kufungua kile kimlango cha nyuma. Kiema akaingiza kibuyu cha asali na malenge matatu ya kumpelekea kaka yake wa Eastleigh. Abdille akaleta nyama kavu, kilo ishirini, hakuhitaji kuipima. Na Nthenya, Nthenya mwenyewe, akabeba debe mbili za ndengu, moja kichwani na moja mkononi, akazisukuma mpaka ndani kabisa, mkiani, rubani asizione. Walikuwa wakichekana. Syombua alikuwa amelala juu ya machela, akamwambia kwa sauti ndogo, mwana wa mama, shangazi atafurahi.

Na ndege ilipoinua pua, kabla haijaanguka, ililia. Sauti nyembamba, ndefu, ya kuvuta, kama mtoto aliyechoka kulia. Wote waliisikia.

Halafu kile walichokifanya baadaye, kabla ya watu wa Nairobi kufika. Hakuna aliyemtuma mwenzake. Kila mmoja alienda akatoa chake. Nyama, asali iliyobaki, malenge yaliyopasuka. Nthenya alienda pia, lakini ndengu zilikuwa zimemwagika mchangani, na mtu hawezi kuokota debe mbili za ndengu mchangani, alipiga magoti akaokota na kuokota mpaka mama yake akaja akamwinua kwa kwapa.

Sasa nyuma ya benchi, ukutani, mizigo ya leo ilikuwa imejipanga. Debe ya ndengu ya mama mkwe wake. Kuku wawili wamefungwa miguu. Kibuyu. Gunia dogo ambalo hakuuliza lina nini. Wameleta tena, kwa sababu hakuna aliyewahi kulitamka, na kukataa leo kungekuwa kukiri ya siku ile.

— Inakuja, alisema Nadifa.

Ndege ilizunguka mara moja, chini kabisa, na wanaume watatu wakakimbia na fimbo kuondoa mbuzi, Mzee Ndululu nyuma yao akishika kofia. Ikatua, ikaja ikasimama karibu na kibanda, vumbi likaingia mpaka kwenye birika. Rubani, mzee mwenye mvi, aliwasalimu, akampima Nthenya pamoja na mtoto, akaandika, akaondoka kwa miguu kukagua kiwanja. Pamoja naye alikuwa ameshuka mtu mwembamba wa ovaroli, mikono ina mafuta yasiyotoka hata kwa sabuni.

— Mimi naitwa Mutunga, ni wa huku, Migwani. Ni fundi wa ndege.

— Karibu, mwanangu, alisema Mzee Ndululu. Keti. Kahawa iko.

— Nitakunywa nikiwa nimesimama. Alimgeukia Nthenya. Mama, usiogope sana. Njoo nikuonyeshe.

Akamwonyesha, na wale watatu wakafuata. Mkanda wa kiti haukatizi tumbo peke yake, unapita na begani, ili kichwa kisigonge mbele. Miguu ya kiti imetengenezwa ijikunje polepole ndege ikigonga chini, ili mgongo wa mtu usivunjike. Matangi ya mafuta yamevalishwa mfuko wa mpira ndani, chuma kikipasuka mpira haupasuki. Na chini ya tumbo kuna sanduku jipya, refu, la kubebea mizigo.

— Kwa nini tumboni? aliuliza Abdille kwa sauti ndogo.

— Ili uzito uwe katikati, mzee. Ndege inabebwa na mabawa, kama mizani ya kuning'iniza. Mkia ukizidi, pua inapanda, na pua ikipanda sana bawa linaishiwa na nguvu. Hapo filimbi inalia.

— Filimbi?

Mutunga alienda kwenye bawa la kushoto, ukingo wake wa mbele, kwenye kitundu kidogo. Akakifunika kwa leso, akaweka mdomo, akavuta pumzi. Bawa likalia. Nyembamba, ndefu, ya kuvuta. Kiilu alishtuka kifuani, na Nthenya akajikuta ameshika bawa la ndege kama mtu anayeshika ukuta.

— Inamwambia rubani ashushe pua, alisema Mutunga. Lakini mkia ukiwa mzito sana, anasikia, anasukuma, na pua haishuki.

Kiema aliutazama mkia.

— Haya yote nimeyaomba mimi, Mutunga aliendelea huku akikunja leso. Mkanda, matangi, sanduku. Kwa sababu ile ya kwanza niliikagua mimi, siku mbili kabla. Nimeifungua bolti moja moja kichwani mwangu, miezi miwili sasa. Nimesahau gani? Nimekaza gani vibaya? Mke wa rubani tunasali naye kanisa moja. Huwa ananipita mlangoni kama hanioni. Nami namwelewa.

Nadifa alimletea kahawa, akainua birika, ikatoka nusu kikombe na machicha. Ilikuwa imekwisha. Mutunga aliishika bila kunywa. Alikuwa akitazama mwisho wa kiwanja, kule kwenye miiba.

— Tulipokuwa tukizunguka niliona kitu kule, alisema. Kote kumeshakauka baada ya mvua, ila pale ilipoangukia kuna kijani, mahali padogo, kama shamba la mtoto. Nikadhani ni majani. Rubani akashuka chini kidogo, nikaona ni ndengu, zina maganda tayari. Aliwageukia. Hizo ndengu zimepandwa na nani?

Kiema Redio alitazama mizigo ukutani. Abdille Kilo alitazama mchanga kama unaopimwa. Mzee Ndululu alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. Kuku mmoja nyuma ya benchi alipigapiga bawa moja, akatulia. Rubani alikuwa mbali, amefika katikati ya kiwanja, akigongagonga ardhi kwa kiatu.

Nthenya aliwaza mambo mengi kwa mara moja. Mama yake, ambaye bado anamlaani fundi asiyemjua. Mume wa Syombua. Jinsi atakavyopita sokoni tena, kama atapita. Aliwaza pia kwamba akinyamaza, baada ya dakika moja mtu atafungua kimlango cha nyuma, kwa upendo tu, kwa upendo mtupu, na kusukuma debe. Kiilu alikohoa, kikohozi kidogo kisicho na nguvu ya kumaliza.

— Hazikupandwa, alisema. Zilimwagika. Ni zangu, kaka. Debe mbili. Nilizitia mkiani mimi mwenyewe, rubani ameenda kukagua kiwanja, hakuona, hakujua, alituambia inatosha na mimi nikatia, Syombua ni dada yangu, nilitaka tu asiende mikono mitupu, na hakuna bolti uliyosahau, hakuna, nimekuwa nikijua tangu siku hiyo.

Mutunga aliketi kwenye chuma cha greda, kahawa ikamwagikia ovaroli, akaanza kulia, si kwa sauti, mabega tu.

— Kimlango nilifungua mimi, alisema Mzee Ndululu.

— Nyama ilikuwa kilo ishirini, alisema Abdille. Ishirini na mbili.

Kiema alisema juu ya asali na malenge, lakini alisema chini sana, mara ya kwanza watu wa Kyuso kumsikia akisema chini.

Rubani aliporudi, hakuna aliyegusa mizigo ya ukutani. Mutunga mwenyewe alimfunga Nthenya mkanda, ule wa kiunoni na ule wa begani, akaukaza, akaujaribu tena. Hakumwambia amemsamehe, wala Nthenya hakumwomba.

— Sikiliza upande wa kushoto, alimwambia tu. Ikinyamaza, uko salama.

Ndege ilikimbia. Dirishani walionekana wanaume watatu wamesimama kando ya benchi lao, hakuna aliyepunga mkono. Miiba ikaja, ikapita chini, na kile kijani kidogo kikapita chini, maganda yake yamekomaa, hakuna atakayeyavuna. Nthenya aliweka mdomo juu ya kichwa cha Kiilu. Alitega sikio upande wa kushoto, akaendelea kulitega, mpaka Nairobi.